Wapangaji Wote Wahame

4 Mei

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Masikio yanaendeleaje, na lile goti? Mimi mzima, isipokuwa vidole. Hapa chumba cha kufulia cha hoteli tunashinda ndani ya mvuke, na jioni mikono yangu imekunjamana utadhani ni ya bibi. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilisema "nimeelewa" ukasikia "nimeolewa," ukatangazia nyumba nzima. Kwa hiyo bora barua.

Nina neno kuhusu nyumba aliyotuachia mama. Mitambo ya zamani ya televisheni inazimwa tarehe 30 Juni, dijitali inachukua nafasi yake, na pale kwetu vyumba vyote vinategemea antena moja juu ya paa. Unaijua ilivyo. Mtu wa chumba cha pili akigusa waya wake, wa chumba cha tano anapata chenga. Nimeshaongea na fundi, atakuja mwezi ujao kubadilisha antena na nyaya zote, na atahitaji kuingia kila chumba. Hiyo ni juu yangu mwenye nyumba. Wewe nakuachia wapangaji. Wapangaji wote wahame kabla ya hiyo tarehe. Usikubali visingizio, maana baada ya hapo hakuna kurudi nyuma.

Mama Sindano wa chumba cha mwisho najua atakuwa mbishi. Yeye na cherehani yake wameshazoea mambo yao ya zamani. Huyo usimbembeleze hata kidogo. Mwambie nimesema mimi, ahame kama wengine.

Wasalimie wote. Usisahau kupaka ile dawa ya goti.

Mpwa wako

17 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na nyingine ya ziada kwa ile barua, maana imeandikwa na mtu anayejua anachotaka. Goti liko palepale. Masikio ndiyo hayo, yameliwa na honi za treni, sitarajii yarudi. Afya nyingine zote nzuri.

Nakiri nilikuwa nakudharau kidogo. Nilidhani umelainika kama marehemu dada yangu, ambaye mpangaji akikohoa tu yeye anamchemshia maji ya tangawizi. Kumbe una chuma ndani. Nilisimama ukumbini asubuhi, nikawaita wote, nikawasomea barua yako kwa sauti niliyokuwa nikiitumia stesheni treni inapotaka kuondoka. Wapangaji wote wahame. Hakuna visingizio. Mwokaji mikate alielewa upesi, wiki ile ile amebeba godoro akaenda kwa kaka yake. Yule fundi viatu, Kiraka, aliomba muda. Nikamwambia treni haimngojei mtu anayefunga kamba za viatu, hata kama viatu ndiyo kazi yake.

Mama Sindano alinishangaza. Nilijiandaa kwa vita, nikakosa adui. Nilimsomea kile kipande chake peke yake, mbele ya wenzake, kwamba asibembelezwe. Akauliza, "Kweli amesema hivyo?" Nikamwonyesha mstari. Akautazama, akaingia ndani, nikasikia cherehani inakwenda, na mimi nikisikia kitu ujue kinakwenda kwa nguvu. Alimalizia nguo za watu siku tatu, kisha mkokoteni ukaja ukachukua kitanda, cherehani na televisheni yake kuukuu. Ufunguo ameuacha dirishani. Chumba amekifagia, na ukumbi pia akafagia, jambo ambalo sikumwagiza.

Kwa hiyo nyumba karibu ni nyeupe, fundi aje afanye kazi yake bila bughudha. Sijaelewa kwa nini televisheni inataka nyumba tupu, lakini mambo ya kisasa sibishani nayo.

Mjomba wako

24 Mei

Mjomba,

Leo salamu zisubiri.

Barua yako nimeisoma nimesimama kando ya mashine. Nikajikuta nimekaa chini, juu ya mashuka safi ya wageni, na msimamizi ananiuliza nimefiwa na nani.

Kuhama niliposema ni kuhama kwenda dijitali, Mjomba. Watu wabaki vyumbani mwao, kila mmoja na kitanda chake, anunue tu king'amuzi chake, kile kisanduku kinachoisaidia televisheni ya zamani kuelewa mitambo mipya. Ndicho nilichotaka uwahimize, ili tarehe 30 isimkute mtu anatazama kioo cheusi. Nani amekuambia nawafukuza?

Na Mama Sindano. Hujui ulichokifanya. Mama alipokuwa kitandani siku zile za mwisho alinishika mkono akasema, huyu asitoke nyumba hii ila kwa kupenda mwenyewe. Nikamwahidi. Sasa ametolewa kwa barua yangu, na maneno niliyoyaandika kwa utani yamesomwa ukumbini kama hukumu. Nimempigia simu tangu juzi hapokei.

Acha kila kitu. Mtafute. Mwambie ni neno moja tu tumelielewa tofauti, mrudishe chumbani kwake. Nakuomba, Mjomba.

Mpwa wako

1 Juni

Mpwa wangu,

Leo shikamoo ningekupa mimi, kama umri ungeruhusu. Natumaini umeamka juu ya yale mashuka.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Ungenitumia mimi hicho king'amuzi kwanza, nikifunge kichwani, ndipo uniandikie mambo ya kuhama. Nimefanya kazi ya watu kuondoka maisha yangu yote. Ukiniambia wahame, nafungua mlango na kupuliza filimbi.

Mwokaji mikate amesharudi, hana kinyongo, anasema kwa kaka yake watoto walikuwa wanamkanyaga. Kiraka hata hakuwa ameanza kutafuta chumba. Aliniambia, "Mzee, mimi nilijua tangu siku ile kwamba ni mambo ya televisheni." Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Nilikwambia mara tatu, ulikuwa unapiga kelele."

Mama Sindano nimempata. Amepangisha chumba kidogo nyuma ya kinyozi, na mchana anashonea barazani kwa kinyozi huyo. Nilimweleza kila kitu, nikajilaumu mwenyewe bila kupunguza. Akaelewa upesi kuliko mimi. Akacheka hata, kicheko kifupi, akasema nyumba ile haijawahi kuwa na mtu wa kuelewana na mwenzake isipokuwa dada yangu na yeye. Nikasema basi nilete mkokoteni. Akasema hapana.

Nitakuandikia alivyosema, maana hilo nililisikia vizuri, alikuwa amenikazia macho. "Chumba hakikuniuma. Chumba ni kuta. Kilichoniuma ni mtoto niliyemshonea sare yake ya kwanza ya shule kusema nisibembelezwe. Hapo hakuna dijitali. Hapo maana ni moja."

Nikarudi nyumbani. Niambie nifanyeje, na safari hii andika polepole.

Mjomba wako

8 Juni

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Nimeshaamka, ahsante, ila usingizi ndio sina. Pole na kutembea na goti lile.

Naandika polepole kama ulivyosema. Mbembeleze. Ndilo agizo langu, na halina maana ya pili. Nenda kwake kila siku mpaka akuchoke, kisha uendelee. Mimi likizo sipati mpaka mwezi wa nane, nimeomba nimekataliwa, ningekuja mwenyewe. Yaliyobaki msomee yeye.

Mama Sindano, shikamoo. Nilisema usibembelezwe kwa sababu nakujua na hiyo televisheni yako ya kuzungushwa kitufe, unayoipiga kofi ikigoma. Nilijua utasema king'amuzi ni cha nini, hii inatosha. Nikakuita mbishi kama mtu anavyomwita mama yake mbishi, akiwa mbali, akiwa na hakika kwamba hawezi kukasirikiwa. Hiyo hakika ndiyo iliyoniponza.

Najua ulivyokaa na mama. Alipoanza kuogopa kimya, uliihamisha cherehani ukaiweka mlangoni pake, ukawa unashonea pale ili aisikie. Aliniambia kwenye simu, "Nikisikia inakwenda najua bado nipo." Mimi nilikuwa huku nafua mashuka ya watu nisiowajua, na wewe ulikuwa unafua ya mama yangu. Sijawahi kukushukuru kwa mdomo wangu. Kila nikitaka, naishia kukutania.

Tangu mama aondoke hakuna anayeniita mwanangu ila wewe. Naogopa usiponiita tena sitajua nirudi kwa nani. Nakuomba urudi. Nakubembeleza.

Mpwa wako, Mjomba. Na kwako Mama Sindano, lolote utakalotaka niwe

20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Usingizi utakuja, jikaze. Huku wazima.

Kwanza kazi. Fundi amekuja, mtu mwembamba anayepanda paa kama yuko nyumbani kwake. Ile antena ya dada yangu ameishusha. Nyaya alizokuta zimeungwa kwa utepe wa gundi na sehemu moja kwa uzi wa kushonea, bila shaka unamjua mwenye uzi. Sasa kila chumba kina waya wake mpya ukutani, akigusa mmoja mwingine hapati chenga. Mwokaji na Kiraka wameshanunua ving'amuzi vyao. Fundi aliuliza kama chumba cha mwisho, kwa kuwa ni kitupu, akiruke. Nikamwambia atie waya. Jana mtu alikuja kukiulizia, nikamwambia kina mwenyewe.

Pili, yeye. Barua yako nilimsomea pale barazani kwa kinyozi. Sasa wewe unajua mimi sijui kusoma kwa kunong'ona. Nilipofika pale ulipotaja mashuka, kinyozi alikuwa amezima mashine yake, na wateja wamesimama na mashuka shingoni, wengine nusu kichwa. Mama Sindano alinivuta shati, "Punguza sauti, watu wanasikia." Nikamwambia wasikie. La kumfukuza watu walilisikia ukumbini, hili nalo walisikie. Nikaendelea mpaka mwisho, na pale mwisho sauti yangu ilinisaliti kidogo, usimwambie mtu.

Mama Sindano akasema, "Nitafikiri." Akarudi kushona.

Tangu siku hiyo naenda kila jioni. Kubembeleza sikujui, stesheni hatukuwa na kazi hiyo. Siku ya kwanza nilisema maneno yote niliyoyapanga, yakaisha kabla ya chai. Siku ya pili alinipa vifungo nivishone, nikashona kimoja ndani nje. Sasa nakaa tu, yeye anashona, mimi namshikia kitambaa kisiburuze chini. Ananiuliza habari zako. Lakini nikigusa habari ya kurudi, anakanyaga cherehani.

Sijui, mpwa wangu. Siku zinakwisha, na tarehe 30 ndiyo hiyo inakuja. Natamani nikuandikie jambo zuri zaidi.

Mjomba wako

2 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Umelala siku hizi? Kula vizuri, na hiyo mikono uipake mafuta kabla ya kulala, mvuke unakausha kuliko jua. Mimi sijambo, na mjomba wako hajambo, amekaa hapa anachungulia ninachoandika, nimemkataza.

Niko chumbani kwangu. Nilirudi tarehe 29, mkokoteni ule ule. Nilisema nitafikiri, na ukweli ni kwamba nilimaliza kufikiri pale pale barazani, kabla watu hawajakaa tena vitini. Ila mjomba wako alianza kuja kila jioni kunibembeleza, na mimi nilikuwa sijabembelezwa siku nyingi, nikasema acha aendelee kidogo. Alipoanza kushika kitambaa bila kukichafua nikaona inatosha.

Televisheni yangu ya kofi ipo. Fundi ameifungia king'amuzi, nimekubali bila ubishi, waulize. Jana nilitazama habari, picha imetulia kabisa, nikaona jambo la aibu. Kumbe miaka yote hii makoti ya watangazaji yameshonwa ovyo, kola moja juu, nyingine chini. Chenga zilikuwa zinawasitiri. Nimekasirika taarifa nzima sikuisikia.

Ile barua nimeomba ibaki kwangu. Pale uliposema utakuwa lolote nitakalotaka, na kwamba uliniita mbishi kama mtu anavyomwita mama yake, nilikaa nalo. Mama yako alikuwa rafiki yangu. Jina lile la mama lilikuwa lake, na nikawa naogopa hata kulikaribia, nisije nikaonekana nimengoja aondoke nilichukue. Ndiyo maana nikakuita mwanangu miaka yote, na wewe nikakuacha uniite Mama Sindano kama wateja.

Juzi nililijaribu peke yangu hapa chumbani, kwa sauti. Limenienea.

Ukija mwezi wa nane utalala kwangu, mjomba wako anakoroma. Barua nazo sasa niandikie mimi.

Mama yako