Chipbodi ya Baba

Bariadi, 12 Machi 1995

Kwa Joakim,

Sisi wazima. Pamba imeanza kutoa maua. Mdogo wetu Flora amejifungua salama. Salamu zimeishia hapo.

Barua yako nimeisoma. Baba hana hata wiki kaburini, nawe unanilinganishia thamani ya chipbodi inayoingizwa nchini kwetu na ile inayoingizwa Kenya, kana kwamba ni mechi ya mpira! Soko huria limekulevya.

Chipbodi uliyotuma ya jeneza, ukitukataza tusimzike baba kwa ngozi ya ng'ombe "kama washenzi", ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Mvua ilitukuta njiani. Ikavimba kama mkate kwenye chai, ubao wa chini ukaachia mbele ya padri. Baba alianguka kwenye tope, Joakim.

Baba mdogo Mabula alirudi nyumbani akaleta ngozi, tukamviringisha humo.

Ngozi ile haikuingizwa kutoka nchi yoyote. Ni ya yule dume ambaye baba alimchinja kukupongeza ulipopata kazi Dar. Aliilalia mpaka alipokufa.

Usinijibu.

Dada yako, maana hilo siwezi kulifuta,
Minza