Nyoka Asiyekufa

Dada Mercy,

Salamu kutoka Homa Bay, kwenye joto na dagaa wa omena wa kukaanga. Wanafunzi wa Migori, wanaoanza tu kuandika programu, wameleta kwenye mashindano ya programu za shule ule mchezo wa nyoka wa simu za zamani. Hawajawahi kuucheza; mmoja wao, Achieng, alisimuliwa tu na mamake. Jaji alipojaribu, nyoka aligonga ukuta akapita.

"Huyu hafi?" jaji akauliza.

"Mama hakusema anakufa."

"Achi, umetumaliza!" mwenzake akanong'ona.

Jaji akashika kalamu awaondoe. Mara skrini ikaandika: "Babu anataka simu yake." Mchezo ukaisha.

"Kwa mama uliishia hapo kila mara," Achieng akasema.

Jaji akacheka, akawapitisha.

Hata sisi Baba alikuwa akitunyang'anya simu hivyo hivyo. Nitapiga jioni, mpe simu, akae nayo anavyotaka.

Kakako