Kwa Nini Dada Hakuja Kujifungulia Makwasinyi

Voi,
Jumapili baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Naanza na lile unalotaka kulijua kwanza, ili usisome barua hii roho ikiwa juu. Dada Mkamburi ni mzima na mtoto ni mzima. Ni msichana. Alizaliwa Jumamosi ya wiki jana, saa tisa mchana. Ana nywele nyingi na sauti ya mtu wa kuita mkutano.

Sasa nikuamkie vizuri. Shikamoo, Mama. Magoti yanasemaje na hii baridi ya asubuhi? Mahindi yaliyopona ndovu yamekauka, au wamerudi tena kumalizia? Na yule mbuzi mwekundu ameshazaa? Mimi sijambo, masomo yanaendelea, isipokuwa hesabu, ambayo nitakuandikia siku nyingine nikiwa na nguvu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu siwezi. Unanijua. Nikisikia sauti za watu wengine karibu nawe pale juu ya jiwe mnapotafuta mtandao, maneno yananikwama, nabaki kusema "ni sawa, Mama" hata kama si sawa. Siku ile ulipopiga ulisema, "Kama hataki mikono ya mama yake, basi azae na hao wa makoti meupe," ukakata. Dada alikaa mbele ya cherehani akalia, kitambaa cha mteja mkononi. Mama, hakukataa mikono yako. Mimi ndiye niliyemzuia asije. Tafadhali soma mpaka mwisho, halafu ndipo unikasirikie.

Unakumbuka aliporudi kutoka hospitalini na mwanawe Mwadime, baada ya kupasuliwa, miaka minne iliyopita. Nilikuwa darasa la saba. Wanawake walikuja na kuni na unga kama wanavyomjia kila mzazi, lakini vigelegele havikupigwa. Walisema "pole", mmoja baada ya mwingine, kama watu waliokuja kumwona aliyeanguka na pikipiki. Na mmoja akasema pale nje jikoni, "Huyu hakuzaa, alitolewa tu. Alichoka kusukuma." Nilimsikia. Dada pia alimsikia.

Neno hilo alihama nalo hadi Voi. Wateja wakimuuliza ana watoto wangapi, hujibu, "Nina mmoja, ila huyo sikumzaa vizuri." Anasema kwa mzaha na wateja wanacheka. Mimi niko pale pembeni na vitabu vyangu, na sijawahi kucheka.

Kwa hiyo aliposhika mimba ya pili, na kliniki wakamwambia lazima ajifungulie hospitali yenye thieta ya kupasulia kwa sababu ya kovu, yeye alisikia jambo moja tu: watakupasua tena. Ndipo ukapiga simu kumwambia aje nyumbani Makwasinyi, Nyanya Mkawasi atampokea mtoto kama alivyotupokea sisi. Alifurahi, Mama! Alipanga begi siku hiyo hiyo. Shemeji Mwangeka aliambiwa ni kwenda kukusalimia tu. Ukweli aliniambia mimi peke yangu. "Safari hii nitazaa kama mwanamke," alisema. "Na hakuna atakayeniambia pole."

Tangu hapo nilikosa amani. Kitabu chetu cha bayolojia kina mchoro wa mfuko wa uzazi, lakini hakisemi chochote juu ya mfuko ulioshonwa. Kwenye maktaba ya shule kuna kitabu kimoja cha wauguzi, jalada limetoka, hakuna anayekigusa. Nilikisoma wakati wa mapumziko kwa siku nne. Kinasema pale paliposhonwa panaweza kufunguka uchungu ukiwa mkali. Ni wachache tu wanaofikwa na hilo, lakini likitokea mama anavuja damu ndani kwa ndani, na zinazohesabiwa ni dakika. Nikawaza barabara yetu kutoka Makwasinyi mvua ikinyesha. Nikafunga kitabu.

Kubishana na Dada siwezi. Ukianza tu, ameshakuchekesha na umesahau ulichotaka kusema. Kwa hiyo nilifanya ninachoweza. Ile bahasha yenye cheti cha kuzaliwa cha Mwadime ina karatasi nyingine, ya Kiingereza, aliyopewa siku aliyotoka hospitali. Hakuna aliyewahi kuisoma. Mwandiko wake ni kama kuku amekimbia na wino miguuni. Nilinakili herufi moja moja, nikakaa na kamusi, nikaandika upya kwa Kiswahili katika daftari langu. Chini yake nikaandika maswali saba ya kumuuliza nesi, nikaliweka daftari juu ya cherehani na kujifanya nasoma.

"Wakio! Hii ni nini? Umenitungia mtihani?"

"Isome tu, Dada."

"Mimi niliacha shule ili karatasi ziache kunifuata."

Lakini alisoma. Midomo ilikuwa ikitembea. Kisha akaniangalia.

"Makalio?"

"Ndiyo."

"Mwadime alitanguliza makalio?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Kichwa kilikuwa juu. Na ulikuwa umeshakaa na uchungu siku mbili. Haikuwa uvivu, Dada. Mlango ulikuwa umekaliwa."

Alicheka mpaka akaegemea cherehani. Mama Achieng, yule jirani yetu wa mandazi ambaye mumewe anafanya kazi reli, akachungulia kuuliza kuna nini. "Huyu mtoto!" Dada akasema. "Miaka minne najiona mvivu, kumbe ni yeye alikaa huko ndani kama chifu!"

"Na bado anakaa hivyo hivyo," Mama Achieng akajibu. "Kumtoa kwenye kiti changu ni vita."

Halafu kicheko kikageuka kilio. Nilimpa leso. Alisema siku ile hakuna aliyemwambia chochote. Walimpa kalamu katikati ya uchungu, akaweka sahihi bila kujua ni ya nini, akalazwa usingizi, akaamka akamkuta mtoto ameshaogeshwa. "Kama mtu aliyeletewa mzigo wa mtu mwingine," alisema. Nafikiri hilo ndilo lililomuuma kuliko kidonda.

Jumatatu ya mapumziko ya katikati ya muhula tulikwenda kliniki pamoja. Na kule, Mama, Dada yetu anayeongea mpaka nguo za wateja zinachelewa, alinyamaza kimya. Nesi akauliza kama ana swali, akatikisa kichwa. Nikaona tutaondoka vile vile tulivyokuja. Nikafungua daftari. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu.

"Ongea, msichana wangu," nesi akasema. "Hapa hakuna alama za mtihani."

Wanawake kwenye benchi wakacheka. Masikio yangu yaliwaka moto, lakini nilisoma yote saba.

Nesi alivuta kiti. Aliisoma karatasi ya zamani, akampima Dada tumbo, akaeleza bila haraka. Kovu lake limekatwa chini, kwa upana, na hilo ni zuri kuliko la kwenda juu. Mwadime ameshafika miaka minne, yaani kovu limepata muda wa kukomaa. Mtoto huyu ameelekeza kichwa chini. Kwa hiyo, daktari akimwona na kukubali, anaweza kujaribu kuzaa njia ya kawaida, au apangiwe siku ya upasuaji. Kujaribu wako wanaofaulu na wako ambao mwishowe wanapasuliwa. Kupasuliwa nako kuna damu, kuna kidonda kinachoweza kuingia uchafu, kuna kupona polepole, na makovu yakizidi yanaweza kusumbua mimba za mbele. Hakuficha upande wowote.

"Lakini kujaribu ni hapa, karibu na thieta," alisema. "Si nyumbani. Kovu likianza kuachia, hakuna mikono inayoweza kulizuia kutoka nje."

"Hata mikono ya mkunga aliyezalisha kijiji kizima?" Dada akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Hata hii yangu."

Dada akatazama chini, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliandika. "Nikijaribu, halafu mkaona lazima mnipasue, mtaniambia sababu kabla ya kunipa kalamu?"

"Ni haki yako," nesi akasema. "Nasi tusiposema, uliza. Uliza hata ukiwa unapiga kelele."

Daktari alimwona wiki ile ile akakubali. Dada akachagua kujaribu. Alimwambia Shemeji ukweli wote, na Shemeji akaogopa kwanza, kisha akaenda kuongea na jirani mwenye tuktuk awe tayari siku yoyote. Begi likabaki lilivyopangwa, ila safari ndiyo iliyobadilika. Hiyo ndiyo siku uliyopiga, na Dada akasema tu kwamba haji, akakosa maneno ya kukueleza kwa nini.

Uchungu ulianza Jumamosi alfajiri. Jua lilipochomoza tulikuwa tumeshafika hospitali. Asubuhi yote ilikwenda vizuri, Dada anatania manesi, anaomba chai. Ilipofika saa nane utani ulikuwa umekwisha. Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani, alikuja akasimama mahali ambapo Dada angeweza kumwona uso. Akasema njia haijafunguka zaidi tangu saa nne, na sasa mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka kila uchungu ukija. Ushauri wake ni kupasua.

"Mkingoja?" Dada akauliza, ameshika mkono wangu mpaka vidole vimekufa ganzi.

"Nikingoja, mtoto anaweza kukosa hewa, na kovu linaweza kuachia. Nina muda wa kukueleza, Mkamburi. Sina muda wa kubishana."

"Sibishani. Nauliza." Akavuta pumzi. "Nitalala?"

"Hapana. Tutakuchoma sindano ya ganzi mgongoni. Utakuwa macho."

"Wakio, soma hiyo karatasi ya kutia sahihi."

Nikaisoma, Mama, sauti kubwa, mstari kwa mstari, hata pale paliponitisha, na uchungu ulipokuja nilingoja kisha nikaendelea. Sikuona haya hata kidogo. Nilikumbuka baadaye tu kwamba chumba kilikuwa kimejaa watu. Dada akaweka sahihi, jina lake lote, akaangalia kama limekaa vizuri.

Walimtoa thieta na mtoto kifuani. Alikuwa anatetemeka kwa baridi ya dawa lakini alinitafuta kwa macho. "Nilimsikia, Wakio! Nilimsikia akitoka! Nimezaa!"

Mama Achieng, aliyekuja na chupa ya uji, alipiga kigelegele korido nzima. Askari wa mlangoni akamwambia, "Mama, hapa ni hospitali."

"Nani kakuambia nadhani ni soko?" akamjibu, akapiga kingine.

Nina mengine kidogo. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na msichana kutoka Mghange, mzazi wa kwanza, amepasuliwa usiku uliotangulia, ameupa ukuta uso. Dada hata kukaa alikuwa hajaweza. Akamwita, "Wewe, mzazi! Hongera." Yule akageuka kama ameitwa na polisi. "Wamekuambia kwa nini walikupasua?" Akasema hajui, anaogopa kuuliza. Basi nikatumwa kuleta daftari. Mpaka Dada anatoka hospitali, ukurasa ule wa maswali nilikuwa nimeunakili mara nne, na nesi wa kliniki akaomba mmoja wa herufi kubwa aubandike juu ya benchi. Uko pale, Mama, na mwandiko wangu.

Sasa naomba. Njoo Voi. Daktari amekataa Dada abebe kitu kizito kuliko mtoto, na barabara ya huko kwetu bado haimfai. Maji nachota mimi na Shemeji, lakini mimi najua kupika ugali na mayai tu, na uji wangu Dada anauita gundi. Haya yote tumeyafanya bila wewe kwa sababu nilikuogopa, na kwa hilo nakuomba msamaha. Kuhusu lile lingine, la kumzuia, siwezi kuomba msamaha, hata nikijaribu. Shemeji anasema jina la mtoto halitatajwa mpaka nyanya yake afike.

Msalimie Baba Mdogo anayetulindia shamba dhidi ya ndovu. Msalimie mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili, mwambie kamusi aliyonipa imefanya kazi. Msalimie Nyanya Mkawasi, mkunga wetu, kwa heshima zote. Mwambie mikono iliyonipokea mimi siwezi kuidharau, ila namwomba, akijiwa na mwanamke mwenye kovu, amsindikize hospitali yeye mwenyewe. Akiongozana na mtu kama yeye, huyo mwanamke hataona aibu.

Na hili la mwisho ni lako peke yako, usilisome mbele ya watu. Miaka mitatu nimelala chumba kimoja na Mwadime, mlango wa Dada uko kando yetu, na sijawahi kuliona lile kovu. Alikuwa anaoga amefunga mlango, anabadilisha nguo gizani. Jana aliniita mchana, dirisha likiwa wazi, nikamsaidie kukausha kidonda kwa kitambaa safi kama walivyotuonyesha. Aliinua leso bila kusema kitu. Wamepita pale pale pa zamani. Ni mstari mmoja tu, Mama. Haufiki upana wa ukurasa huu ulioushika.

Mwanao anayekupenda,
Wakio