Bei ya Gari la Baba Nasrin

Jumamosi

Sijamwambia mtu: kila siku ninamwomba Mungu gari la mbio la Baba Nasrin lisipate mnunuzi. Likiuzwa tu, watahama kutoka Mwanza. Tangu tumalize shule, Nasrin ndiye rafiki pekee niliyebaki naye.

Bei imeshushwa mara mbili. Lakini nani atanunua gari la viti viwili wakati petroli yenyewe ni ya foleni?

Leo alikuja mzee mmoja mkulima wa pamba kutoka Sengerema. Baba Nasrin alikuwa ndani anaswali. Nikamwamkia.

"Marahaba, binti." Akalizunguka gari, akacheka. "Viti viwili! Wake zangu watatu nitawaweka wapi?" Lakini mkono wake haukutoka kwenye boneti, nikajua amelipenda. "Linakula mafuta sana?"

Mimi, ambaye hata dukani ninanong'ona, nikapaza sauti!

"Linakula sana, mzee. Na liko chini mno, barabara ya kutoka kivukoni Busisi kwenda kwenu italipasua tumbo. Vipuri vyake havipatikani."

"Umeniokoa, mwanangu," akasema, akaondoka kuwahi kivuko.

Jioni Nasrin akanionyesha karatasi mpya kwenye kioo cha mbele. Baba yake ameikata bei karibu nusu.

"Baba amemwona yule mzee akiondoka; anasema hakuna anayelitaka. Bora liende hata kwa hasara."

Kwa bei hiyo litanunuliwa wiki hii hii. Nilitaka kuchelewesha kuhama kwao, kumbe nime...

Kesho atanisubiri tulipanguse vumbi pamoja, kama kawaida. Nitakwenda. Ila wewe, daftari langu, tafadhali, usimwambie Nasrin kwamba yule mzee nilimfukuza mimi.