Kutosa na Kutosha

Jumatatu, 3 Machi 1997
Nimerudi tena mtaa wa Hamriya kwa fundi cherehani. Kanzu bado. Zuwena anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo, na nyumba imejaa wanawake, udi na vicheko. Sina pa kukaa ila jikoni. Silalamiki. Babake, mdogo wangu Nasor, bado yuko Kongo na duka lake. Lazima aje: yeye ndiye walii. Kisharia baba ndiye anayeozesha. Akifa, kwa kuwa Zuwena hana babu wala kaka, zamu ni ya ami, yaani mimi.

Jumatano, 5 Machi
Redio: wanajeshi katika mji wa Nasor wameasi. Wamekataa kwenda vitani. Mishahara hawajapata, na bunduki walizopewa hazina risasi. Siwalaumu. Lakini askari mwenye njaa huanza na maduka. Simu ya Nasor haiiti. Nna khofu.

Ijumaa, 7 Machi
Simu imekuja. Kapokea mke wangu, Salma. Mkongo asiyemjua, sauti inakatika. Nasor alikuwa mtumbwini, anakimbia. Waasi wakamtosa majini. Simu ikafa. Zuwena kasikia kilio. Wanawake wanakunja nguo za harusi. Wazee wameniambia nimwozeshe mimi, kimya kimya, siku ile ile iliyopangwa. Nimekataa. Sikuwa na sababu.

Jumamosi, 8 Machi
Sababu nimeipata baada ya alfajiri. Nimemwomba Salma alirudie lile neno kama alivyolisikia.

“Kasema ‘walimutosha’. Si ndiyo kutosa, Mwalimu? Watu wa bara wanajisemea tu.”

Nimecheka mpaka akaniogopa. Kwetu kutosa ni kutumbukiza majini, na kutosha ni kukidhi haja. Kwa Wakongo, kutosha ni kutoa. Nasor mwenyewe, akija huku, humwambia mgeni mlangoni “tosha viatu”, nasi tunamcheka. Basi walimtoa majini! Nimewaeleza wanawake mara tatu, pamoja na mifano.

“Tumefahamu, Mwalimu,” kasema Salma. “Sasa nguo tukunje au tukunjue?”

Kunjueni, nimesema. Herufi moja si ushahidi, najua. Nimeishika kwa mikono miwili.

Jumanne, 11 Machi
Nasor! Kapiga simu kutoka Nairobi. Waasi walikuwa wakirudi makwao, wakamwomba awavushe mto. Walipanda wengi, mtumbwi ukapinduka. Yeye hajui kuogelea. Wawili wakamvuta hadi ukingoni. Bunduki zao zikazama, na hakuna aliyezililia.

“Kaka, mimi walinitosha,” kasema. “Vilivyotoswa ni viatu.”

Vigelegele vimefika kwa jirani. Nimelia mbele ya watu, na sioni haya.

Ijumaa, 14 Machi
Akdi imefungwa baada ya alasiri. Nasor kamshika mkono bwana harusi, kamwozesha bintiye kwa sauti iliyotulia. Mimi nilikaa safu ya nyuma, ami tu, sina kazi.