Paka Kwenye Kitanda cha Malkia

Mdogo wangu mpenzi Ustinya,

Salamu nyingi, na pole na baridi ya huko mabwana zetu walikokuhamishia. Kile kikohozi kimekuachia? Mimi ni mzima, ila sauti imenikauka kwa kucheka. Shemasi anayeniandikia naye anacheka, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Unaijua nyumba yetu hii, wafalme wamelala humu miaka yote wakienda kuhiji mji wa monasteri ya Utatu. Basi msimamizi Porfiri kajenga mpya ng'ambo ya mto, akatangaza kwamba safari hii Malkia atalala kwake, yetu ibomolewe iwe kuni, na mimi nihamishwe kama wewe. Nikatandika kitanda cha Malkia vilevile. Porfiri akachungulia dirishani, akaniuliza namtandikia nani, panya? Nililia, Ustinya, lakini nikamaliza kutandika.

Malkia akaja kwa miguu, kama mahujaji wote. Jioni akafika kwa Porfiri, hoi. Mlangoni yaya mzee aliyemlea Malkia akauliza ni paka gani aliyetangulia kulala humo. Porfiri na ujanja wake wote kasahau paka! Hata sisi akina yakhe hatuhamii kibanda kipya kabla paka hajalala humo, tusije tukapata mkosi. Akaapa kwamba atamleta sasa hivi. Yaya akamwambia amlete, kisha walale humo wao wawili, yeye na paka wake.

Msafara ukageuka, ukaja kwetu. Nafungua chumba, loo! Paka wangu kajinyoosha katikati ya kitanda cha Malkia. Nikajua nimekwisha. Malkia akacheka mpaka akashika ukuta, akasema mwenye nyumba asisumbuliwe, akalala pembeni yake. Na paka mwenyewe ni yule mwizi wa samaki uliyeniletea kwenye gunia, ukasema nimtose mtoni!

Sasa sikia lile nililokuwa nakuficha. Asubuhi Malkia akasema nyumba hii isiguswe, akaniuliza nataka zawadi gani. Wenzangu wakanikonyeza niombe ng'ombe. Nikakutaja wewe. Huyo mzee aliyekuletea barua haondoki na gari tupu. Kaja kukuchukua, mdogo wangu. Funga mizigo, urudi nyumbani.

Waage majirani wako vizuri. Porfiri anakusalimu, siku hizi kila asubuhi anamletea paka samaki.

Ni mimi dada yako, bado mtunza nyumba,
Fetinya