Gunzi la Popi

Mjukuu wangu Muhonja,

Huku Shinyalu tu wazima, na mahindi yameanza kubeba. Unauliza mbwa wako umpe nini achezee.

Siku ya uhuru, bendera yetu ilipopandishwa mara ya kwanza, sisi watoto tulimfungia Popi, mbwa wetu, nyumbani. Tukamwachia gunzi la mahindi achezee, tukaenda Kakamega kutazama. Tuliporudi, kipande kilikuwa kimemkwama kooni. Baba aliingiza mkono mdomoni mwake, akakitoa.

Basi mnunulie mpira imara usioweza kupita kooni, na usimwache nao peke yake.

Watu huniuliza habari za bendera siku ile. Mimi ninachokumbuka ni mkono wa baba ukivuja damu, na Popi akiulamba.

Ni mimi, nyanya yako.